Eti Ukipika Mwenyewe Utatoboa! Hesabu Ziko Wapi?

Wadau, kuna wimbo umetuchosha masikio. Unaimbwa na wajomba kwenye vikao vya harusi, unaimbwa na wale wahamasishaji wenye suti inayobana na kipaza sauti cha shavuni, na unaimbwa kwa sauti ya juu kuliko wote na mabosi wanaochelewesha malipo. Maneno yake ni haya: kijana msomi wa Dar hana hela kwa sababu anakula chipsi mayai kila siku. Angekuwa anapika mwenyewe, saa hizi angekuwa na kiwanja Kibaha.

Kiwanja Kibaha... kwa hela ya chipsi!

Tusiseme ni ugonjwa wa Bongo peke yake. Mwaka 2017 tajiri mmoja wa majumba kule Australia, Tim Gurner, alikaa kwenye televisheni akasema vijana wanashindwa kununua nyumba huku wanatumia hela kwenye mkate wa parachichi na vikombe vya kahawa vya bei mbaya. Alichekwa dunia nzima. Hapa kwetu parachichi la Rungwe linaanguka lenyewe na kuoza chini ya mti, kwa hiyo wakubwa wetu imebidi wachague dhambi nyingine. Wakachagua viazi.

Naomba nieleweke mapema, asije mtu akasema huyu anatetea uvivu. Mimi napika. Napika chumbani kwangu Mabibo, na nikishika mwiko siombi msaada. Kupika nakupenda. Ninachokipinga ni uongo unaosemwa kwa jina la kupika, kwamba sufuria ndiyo dawa ya ufukara wa msomi, na kwamba asiyetoboa ni kwa sababu ya mdomo wake.

Hebu tukae chini tupige hesabu, kwa bei za genge la mtaani kwangu, sio za kwenye makongamano. Leo usiku nataka kula ugali na dagaa, mimi peke yangu. Unga nusu kilo, shilingi 900. Dagaa fungu moja, 1,000. Nyanya 500. Kitunguu 200. Mafuta ya kupima, 500. Mkaa wa kopo, 1,000. Chumvi ipo, kiberiti kipo, maji tusiyahesabu ingawa ndoo nayo inalipiwa. Jumla 4,100. Hapo sijaweka limao wala pilipili, na saa nzima ya kupepea jiko nimewasamehe.

Nikivuka barabara kwa mama ntilie, sahani ya ugali dagaa na mchicha pembeni ni 2,000. Akiwa na furaha ananimiminia na mchuzi wa maharage juu, bure.

Najua mtu wa wimbo ameshanyoosha kidole: "Lakini vitu vinabaki!" Vinabaki vipi? Unga unabaki, sawa, mkono mmoja. Mafuta ya kupima hayabaki, yameshaingia kwenye dagaa. Nyanya zinabaki mbili, na kwa joto la Dar la mwezi wa tatu, chumba cha bati na hakuna friji, kesho kutwa ni za kutupa. Na mkaa ndio kabisa. Jiko la mkaa halijui kama linapikia mtu mmoja au sita, linakula mkaa ule ule. Ukishawasha umewasha.

Mama ntilie ananunua mchele kwa gunia, mafuta kwa dumu la lita 20, mkaa kwa gunia, halafu moto mmoja unaivisha sahani hamsini au sitini. Mimi nanunua kila kitu kwa kipimo, na juu ya kila kipimo kuna faida ya watu watatu: wa jumla, wa rejareja na wa genge. Siwalaumu, nao wanatafuta. Ninachosema ni kwamba mafuta ninayonunua kwa vipimo mwezi mzima yangetosha kununua dumu la lita tano na chenji ikabaki. Tatizo ni kwamba katika mwezi huo mzima haipiti siku hata moja ambayo hela ya dumu la lita tano iko mkononi kwa pamoja na haina kazi nyingine. Asiye nacho hununua ghali. Hili somo sijawahi kulisikia kwenye kongamano lolote la vijana la kiingilio 30,000.

Halafu mama ntilie ana daftari. Kuna jambo linalosahaulika sana hapa. Siku nikitoka kapa namwambia "mama, niandikie", ananiandikia. Genge haliniandikii mkaa. LUKU haijawahi kumwandikia mtu. Kwa hiyo unapomwona kijana wa digrii amekaa kwenye benchi la mamantilie saa mbili usiku, usiharakishe kusema hajui kupanga maisha. Inawezekana yuko kwenye benki pekee inayomkopesha bila kumuuliza hati ya nyumba!

Sasa tuje kwenye mtaji wa kuanzia, maana wimbo unaimbwa kana kwamba jikoni huwa panaota penyewe. Kabla hujapika chai unahitaji chumba, na mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mkupuo, wengine mwaka. Kijana aliyelipa miezi sita amebaki na nauli ya wiki. Ndipo anunue jiko, sufuria mbili, mwiko, kisu, ndoo ya kuhifadhia maji, na kabati la kuzuia panya wa Mabibo, ambao hawana adabu. Hata yule mwenye bahati ya ajira rasmi, kabla mshahara haujamfikia umeshakatwa asilimia 15 ya mkopo wa chuo. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Na bado anaulizwa hela anapeleka wapi.

Suala la gesi nalo linataka pumzi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku chache baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu jambo hilo hilo kwa Afrika. Siupingi mkakati hata kidogo. Moshi wa mkaa kwenye chumba chenye dirisha moja sihitaji kuhadithiwa, na miti inayokatwa Pwani na Morogoro ili sisi wa Dar tuchemshe maharage ni aibu yetu sote.

Lakini mtungi wa kilo 6, ule mdogo, kuujaza hapa Dar ni zaidi ya 20,000 kwa mkupuo. Mkaa unauzwa wa 1,000. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, gesi inaweza kabisa kuwa nafuu kuliko mkaa. Tunajua, tumesoma! Tatizo letu sio mwezi. Tatizo letu ni Jumanne. Jumanne jioni nina 3,000 mfukoni, na hakuna duka Mabibo nzima litakalonijazia gesi ya 1,000. Nimeshaingia kwenye mageto ya washkaji nikakuta mtungi umekuwa kigoda cha wageni, juu umewekewa mto, na jiko la mkaa liko mlangoni linawaka. Ruzuku ya kumsaidia mtu kuupata mtungi mara ya kwanza ni jambo jema, lakini mtungi ukiisha, ruzuku imeisha nao. Kuna kampuni zilijaribu hapa hapa Dar kufunga mita kwenye mitungi, unalipia kwa simu kidogo kidogo kama umeme. Aliyewaza vile aliwahi kuishi uswahilini, au aliuliza walioishi. Hela za mkakati ziende huko, gesi iuzwe kwa kipimo cha mkaa, muone kama kuna mtu atabaki kwenye moshi.

Tukitoka kwenye hesabu tunakutana na kundi jingine, hawa hawana hata hesabu. Wao wanasema: "Kijana, wewe oa tu." Yaani kwenye sufuria isiyotosha mtu mmoja aletwe mtu wa pili, na huyo huyo wa pili ndiye ashike mwiko, na digrii yake, na mkopo wake wa chuo, akitoka kwenye kibarua chake na foleni ya Ubungo kama ya kwangu. Ukiwauliza kwa nini mimi nisipike, wanakujibu mwanamume hapiki.

Hapiki wapi? Nenda Forodhani jioni, kule Unguja, uangalie nani amesimama nyuma ya zile meza za mishkaki na zile chapati za mayai wanazoziita pizza. Wanaume. Kikaango cha chipsi cha mtaani kwako, mwanamume. Muuza supu ya asubuhi pale stendi, mwanamume. Nenda kwenye harusi huku Pwani, likipikwa pilau la watu mia tatu utakuta wanaume wamelizunguka sufuria, wamefunga misuli, wanapanga kuni. Kumbe mwanamume anapika vizuri tu, alimradi kuna anayemlipa au anayemtazama! Anachokataa ni kupika siku ya kawaida, kwa ajili ya njaa ya kawaida, akafua na kitambaa cha jikoni.

Na tusiwalaumu wavulana peke yao, maana wamelelewa hivyo kwa makusudi. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sote tumeisoma, tumeijibia maswali, tumepata maksi. Lakini angalia safari ya mvulana wa Kitanzania: anatoka kwa mama anaingia bweni, ugali unasongwa na mpishi kwenye sufuria kubwa kama pipa. Anatoka bweni anaingia chuo, anakula kwa bumu kwa mama ntilie, bumu likikata anapiga pasi ndefu. Somo la Stadi za Kazi la shule ya msingi lilikuwepo, ila kwa wengi wetu mapishi yalikuwa ya kunakili ubaoni, vitunguu vya chaki. Miaka kumi na sita ya shule, mtu anaweza kueleza kwa kirefu misingi ya kujitegemea na hajawahi kuchambua mchele. Siku anayovuliwa joho ndio anaulizwa mbona hupiki.

Mimi nilifundishwa na jirani yangu wa uani, mama wa Tanga, bila ada. Alinifundisha dagaa wa Mwanza unatoa vichwa, unawakaanga kwanza wakavu ndipo uwaunge. Alinifundisha tui la kwanza, lile zito, ni la mwisho kuingia, moto umeshapunguzwa, na ukiliacha bila kukoroga linakatika. Kwa wiki tatu watu wa uani walipita wakichungulia dirishani kama kuna msiba. Sasa hivi baadhi yao wanaleta vikombe kuomba mchuzi. Mwandishi mwenzangu wa kike, chumba cha tatu, anapika kila siku na hakuna aliyewahi kumsifia. Mimi nikichemsha kisamvu nasikia "huyu kaka anajitahidi!" Hiyo nayo ni dhuluma, na ninaifaidi mimi, lakini dhuluma ni dhuluma.

Sasa kwa nini mwandishi wa habari anapiga kelele zote hizi kuhusu sufuria? Kwa sababu ya kinachotokea sufuria likiwa tupu.

Sisi tunaojitegemea tunalipwa kwa stori. Sio stori uliyoandika, stori iliyotoka. Umekwenda Kibamba kwa nauli yako, umeshinda juani, umeandika, gazeti likajaa matangazo, stori haikutoka: umekula hasara. Ikitoka, malipo ni mwisho wa mwezi unaofuata, kama hakuna "changamoto za kimfumo". Ofisi moja niliyowahi kuiandikia, jina nalihifadhi, ilikaa na malipo ya stori kumi na moja kwa miezi mitatu, huku mhasibu akiniita "mdogo wangu" kila nikipiga simu.

Katikati ya miezi hiyo mitatu inakuja mialiko. Semina kwenye hoteli, chai ya saa nne yenye sambusa, mchana chakula cha kujipakulia, kuku mzima-mzima, na jioni unasaini karatasi unapewa bahasha. Inaitwa nauli. Kutoka Posta hadi Mabibo kwa daladala haifiki 1,000, bahasha ina 30,000, nyingine 50,000. Hiyo ni nauli ya kwenda wapi? Jibu tunalijua. Ni nauli ya stori kwenda ukurasa wa mbele.

Baraza la Habari Tanzania lipo tangu mwaka 1995 na kanuni zake za maadili zinakataza rushwa kwa lugha isiyohitaji mkalimani. Kila semina ya maadili tunakumbushwa (na mwisho wa semina ya maadili, jamani, tunapewa bahasha!). Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikaja na ithibati, kwamba uandishi uwe taaluma ya waliosomea. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye chombo cha habari amwekee mwajiriwa wake bima na hifadhi ya jamii. Mwajiriwa! Ndio maana wenye vyombo wengi wanatupenda sana sisi tusioajiriwa. Taaluma tunadaiwa yote, mkate tunapewa kwa kipimo.

Kwa mpango huo, kiwanda kinachotaka kumwaga maji machafu mtoni hakina haja ya kumnunua mhariri mkuu. Kinahitaji kufanya semina siku ya Alhamisi na kumwalika mwandishi aliyepiga deshi tangu Jumatano. Wala hakuna atakayemwambia aandike nini. Atakula, atashiba, atachukua nauli, na usiku akikaa kuandika mkono wenyewe utajua sentensi ipi ya kuacha. Kesho yake wewe msomaji unanunua gazeti unaamini umesoma habari.

Ndio maana nikasema kupika nakupenda. Mwaka jana tuliungana watu wanne wa uani, huyo dada wa chumba cha tatu akiwemo, tukaanza kuchanga 10,000 kila mtu kila Jumapili. Maharage kwa kilo, mchele kwa kilo, unga wa dona, mafuta ya chupa, mkaa wa ndoo, jiko moja na zamu za kupika, wanaume kwa wanawake sawa. Elfu arobaini kwa wiki, watu wanne: haifiki 1,500 kwa kichwa kwa siku, unapata mlo mmoja mzito na kiporo cha asubuhi. Ile hesabu ya 4,100 imekufa. Haikufa kwa sababu tumeacha chipsi. Imekufa kwa sababu tumekuwa wanne, na wa kwanza kukosa mchango anabebwa na watatu. Mwezi wa pili wa mchango mmoja wetu alirudisha bahasha mezani, mbele ya afisa uhusiano aliyeduwaa. Alikuwa na maharage ya usiku yanamsubiri.

Sisemi maharage yanaleta uadilifu. Wapo walioshiba toka utotoni wanaopokea bahasha kubwa kuliko hii ya kwetu, tena hawasaini. Nasema tu kwamba mtu mwenye uhakika wa mlo wa leo na wa kesho ana siku mbili za kukataa, na hizo siku mbili ndizo ambazo kulipwa kwa kuchelewa kunatunyang'anya. Mwenye chombo anayekaa na hela ya stori yangu miezi mitatu hajanichelewesha tu. Ameniuza kwa yeyote mwenye pilau. Akitaka kuimba wimbo wa chipsi, alipe kwanza ndani ya siku kumi na nne, kama anavyolipwa yeye matangazo yake. Na mwenye nyumba achukue kodi kwa mwezi, kama tunavyolipwa sisi tukilipwa.

Kwa hiyo mjomba wangu, shikamoo, siku utakaposimama tena kwenye kikao cha harusi kunitolea mfano, usiniulize jana nilikula nini. Niulize stori za Februari zimelipwa lini. Hazijalipwa, na mchango wa harusi niliuleta.

Ngoja nikabandike maji, leo zamu yangu, na kuna mtu ameleta nazi mbili kutoka Mafia.